Chupa Tatu za Angella Kizza

Wazee wa pande zote mbili, baba mchungaji, majirani wa Gudele hapa Juba, wafanyabiashara wa Konyokonyo na Hai Cinema, madereva wenzangu mlioacha magari Sherikat mkaja, poleni nyote kwa msiba. Mimi ni Owen Kamya, mdogo wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha tunayosikilizana wengi wetu hapa. Kiswahili changu nimekiokota kwenye usukani, kwa hiyo karatasi hii imenyooshwa na Keji, binti wa marehemu, anayesoma Nakuru, na mkisikia neno zuri mjue ni lake.

Marehemu Angella Kizza alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 huko Bukomansimbi, nchini Uganda, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Mukasa na mama yetu Harriet, ambaye watu humwita Nalongo, yaani mama wa mapacha. Kwetu anayewafuata mapacha huitwa Kizza, na anayemfuata Kizza huitwa Kamya, kwa hiyo majina yetu yalikuwa tayari kabla hatujafika.

Alianza shule ya msingi mwaka 1988 na kumaliza mwaka 1994, kisha akasoma sekondari mpaka mwaka wa nne, akahitimu Novemba 1998. Akiwa darasa la tano alitamka mbele ya wenzake kwamba sare ya mmoja wao ilinuka waragi, pombe kali inayopikwa nyumbani, na baba wa mtoto huyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, kwa hiyo marehemu alichapwa kwa kosa la kusema uongo, ingawa wiki hiyohiyo mwenyekiti aliuhamisha mtambo wake.

Mwaka 1999 alikwenda Kampala kuuza sabuni na mafuta ya kujipaka katika soko la Owino, na tarehe 9 Februari 2007 aliingia Juba, akauza kwanza mananasi Konyokonyo, kisha akarudia mafuta yake. Mwaka 2010 alifahamiana na Bi Sahro, mfanyabiashara Msomali kutoka Garissa, muuzaji wa udi na ubani pale Hai Cinema, aliyemfundisha kuchoma, kuchanganya na zaidi ya yote kungoja, maana Bi Sahro husema kwamba moto ukiwa mkubwa utanusa moshi tu.

Marehemu alimtambulisha Bwana Lokosang kwa wazazi tarehe 20 Desemba 2008, na ndoa ikafungwa kanisani hapa Juba tarehe 18 Aprili 2009. Bwana Lokosang ni dereva wa gari la maji, wengi wenu mmekunywa maji yake, na Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Keji, aliyezaliwa tarehe 11 Februari 2010.

Sasa nafika kwenye kazi yake ya pili, ile iliyowaleta baadhi yenu hapa, na siwezi kuieleza bila kumtaja mama. Mama alipoteza macho mwaka 2014 kwa presha ya macho, hajawahi kukanyaga Juba, na habari zote alizokuwa nazo za mji huu zilitoka redioni. Mapigano ya Julai 2016 yalipozuka, marehemu na Keji walikimbilia nyumbani Bukomansimbi, na ilipofika Machi 2017 marehemu akaanza kufunga mizigo yake arudi, mama akamwuliza, "Unarudi kwenye nini huko?" Picha zisingemsaidia asiyeona, na maneno ya mdomo mama alikuwa ameyakataa, akiamini redio. Alirudi Juba bila baraka zake, na jambo hilo lilimkaa rohoni miaka yote iliyofuata.

Ndipo alipoamua kumpelekea mama mji wenyewe, kwa pua. Alichukua udongo wa Gudele baada ya mvua ya kwanza, akauanika, akaupasha moto katika sufuria yenye kifuniko, akakinga matone ya mvuke na kuyachanganya na mafuta ya simsim, na mwezi wa sita akanikabidhi chupa ndogo iliyozibwa kwa nta. Mimi naendesha gari la mizigo kati ya Kampala na Juba, kwa hiyo nikawa posta. Ofisa mmoja mpakani Nimule aliniuliza chupani mna nini, nikamjibu kwamba mna Gudele, akaifungua, akaifunga, akanitazama, akanipisha. Mama aliinusa, akairudisha mkononi mwangu na kusema, "Huu ni uturi wa dukani. Hapa haishi mtu." Niliufikisha ujumbe huo jinsi ulivyo, maana kazi ya mjumbe si kutia sukari.

Marehemu alikubali kwamba mama amesema kweli, akaanza kutafuta wanaoishi. Alipita milango ya majirani asubuhi na kijiko na kopo, akichota udongo wa kizingitini, jivu kidogo, uzi wa pazia. Wote mliopo hapa mnajua maana yake mtu akichota udongo wa mlangoni pako, naye pia alijua, lakini mawazo yake yote yalikuwa kwa mama. Tarehe 5 Mei 2018 jirani yake Mama Awut, aliyeketi pale mbele na aliyeniruhusu kulisema hili, alimkuta ameinama mlangoni pake, akamshika mkono na kuita watu, "Wewe iko chukua udongo ya mlango yangu ya nini?"

Shauri lilifika kwa sultan, yaani chifu wa mtaa, na lilikuwa zito, kwa sababu wapo waliotaka familia hii ihame Gudele siku ileile. Bwana Lokosang alikuwa ameandaa maneno, hakuulizwa. Marehemu aliomba jambo moja tu, kwamba Mama Awut anuse kopo lake. Mama Awut alinusa akiwa amekunja uso, akasikia tangawizi ya chai anayouza, akasikia mkaa, kisha akasikia tumbaku ya marehemu mumewe, aliyezoea kuketi kizingitini pale na kukung'utia kiko chake palepale. Alinusa tena, akaketi chini, akalia, na alipoweza kusema akasema, "Huyu mzee yangu. Iko mlango yangu tu, bes. Uchawi hapana." Sultan aliamua kwamba mwenye kutaka udongo wa watu abishe hodi kwanza aseme ni wa nini. Tangu siku hiyo marehemu alibisha hodi, na watu wakamletea hata vitu ambavyo hakuviomba, zikiwemo soksi.

Hivyo ndivyo alivyoanza matembezi yake ya pua, akiwafunga watu macho kwa kitenge na kuwaongoza mtaani mpaka waseme wenyewe wapo wapi, na tarehe 23 Novemba 2019 akafanya maonyesho katika ukumbi wa kukodi pale Hai Cinema. Wahenga walisema macho hayana pazia, lakini siku ile macho hayakuwa na kazi, kwani ukutani hapakuwa na picha hata moja, palikuwa na makopo yaliyotobolewa vifuniko, na mgeni mmoja alikaa kwa saa nzima akauliza maonyesho yanaanza lini. Kopo la Sherikat lilikuwa na dizeli, magunia yenye unyevu, samaki mkavu na chapati, na sisi madereva tulimtambua mpaka mpikaji.

Januari 2020 nilipeleka chupa ya pili, ya milango. Mama alikaa nayo muda mrefu, akahesabu yupo mwenye mbuzi, yupo wa tangawizi, na hapa maji huletwa na gari, halafu akasema, "Majirani nimewaona. Wewe uko wapi?"

Chupa ya tatu, ya nyumba yake mwenyewe, ilimshinda kwa miaka, kwa kuwa hakuna anayesikia harufu ya kwake, na alizotengeneza alizimwaga. Machi 2024 maharage yaliungua jikoni mbele yake asijue, akadhani ni mafua, kisha kichwa kikaanza kuuma, na tarehe 19 Agosti 2024 madaktari wa Kampala waliona uvimbe nyuma ya paji la uso, juu ya mishipa ya kunusia. Alipasuliwa, akapata nafuu, lakini pua haikurudi. Hakulia mbele yetu, alisema tu kwamba chupa ya mama haijaisha.

Aliyeimaliza pamoja naye ni Mama Awut, kwani jirani husikia kile mwenye nyumba asichokisikia. Kila asubuhi Mama Awut aliingia, akasimama katikati ya nyumba na kusema anachosikia bila kumpendelea mtu, dawa, mafuta ya nywele aliyoyaacha Keji, vumbi la nguo, dizeli ya Lokosang, naye marehemu akachanganya kwa kumbukumbu, huyu akiwa pua na yule akiwa mikono. Iliisha mwishoni mwa Septemba mwaka huu, nikaipeleka, mama akaiweka chini ya mto wake. Marehemu alinipigia simu mara nyingi kuuliza mama amesemaje, nami nikamjibu bado, na bado, mpaka Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025, saa nne asubuhi, alipofariki dunia hospitalini hapa Juba. Alikwenda bila jibu, na hilo linaniuma mpaka sasa ninapolisoma.

Mnaofahamu desturi zetu mlitegemea tumrudishe kwenye makaburi ya ukoo, na ni kweli gari langu lilikwisha kuoshwa kwa safari hiyo. Jumamosi wazee walikutana nyumbani kwa mama kupanga, naye akaomba kwanza ile chupa ipite mkono kwa mkono. Mzee wa ukoo alisema anasikia dizeli. Mama akamjibu, "Hilo ni gari la mkwe wangu, linaingia kabla ya chai. Hiyo nyingine ni dawa yake, na huyo wa mafuta ya nywele ni mjukuu wangu. Mwezi mzima nimekaa humo ndani. Mwanangu ana kwake, mwacheni kwake." Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, hakuna aliyembishia, na kikao kilikwisha kabla ya chai kuletwa. Ndiyo maana kaburi limechimbwa hapa, uwanjani mwa nyumba yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kampala na wa hapa, Bi Sahro na wenzake wa Hai Cinema waliotulisha siku zote hizi, wenzake wa Konyokonyo, sultan na majirani wote mliofungua milango, na kwa namna ya pekee Mama Awut.

Limebaki ombi moja. Kwetu marehemu hufunikwa kwa lubugo, ile nguo ya gome la mti, na mama, asiyeweza kusafiri, amenipa moja. Ameilalia tangu alipopata habari, katika chumba chenye jiko lake, kahawa yake na yeye mwenyewe, kisha akaifunga kwenye mfuko, akaniambia nisiufungue njiani. Pale Nimule ofisa yuleyule aliniuliza nimebeba nini, nikamwambia nimebeba nyumbani, na safari hii hakufungua. Marehemu amekwisha kufunikwa nayo. Kwa hiyo tunawaomba wenye desturi ya kumwaga marashi kaburini leo msimwage, wala ubani usichomwe, kwa sababu mama amesema marehemu akishafunikwa atajua ni nani amekuja kumtembelea.

Kizza, mama amekuona. Lala kwa amani, dada, hapa kwako.