Appolinaire Semahoro na Visu Kumi na Vinne

Appolinaire Semahoro, tunayemzika leo hapa Juru, alizaliwa tarehe 14 Machi 1954 katika milima ya Lemera, Kivu ya Kusini. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mfua majembe na mkewe, Nyiransengimana. Kitinda mimba wa nyumba hiyo ni Elisée, aliyemfuata baada ya miaka kumi na minne, ambaye ndiye anayeusoma wasifu huu.

Marehemu alisoma shule ya msingi palepale Lemera, akafika mwaka wa tatu wa sekondari. Mwaka 1971 baba yao alifariki, naye akaweka daftari chini, akashika nyundo. Mwalimu wake alipanda mlima mara mbili kumbembeleza arudi. Hakurudi. Aliyesoma ni Elisée, ambaye nyundo hiyo ilimfikisha chuo kikuu, akahitimu historia mwaka 1993. Siku ya mahafali kaka mtu alikaa kiti cha nyuma kabisa, mikono ameificha chini ya koti ili masizi yasionekane. Elisée aliiona mikono ile, akashukuru moyoni kwamba imefichwa.

Tarehe 4 Agosti 1979, mjini Uvira, marehemu alifunga ndoa na Marie Nyirabizimana, wakajaliwa mabinti wawili, Yvette na Vanessa. Kila kisu alichokifua alikijaribu kwa kunyoa vinyweleo vya mkono wake wa kushoto, hata mkono huo ukawa laini kama wa mtoto. Mama Marie hakuchoka kuwaambia wageni: "Miye niliolewa na banaume babili. Wa kuume iko muzee, wa kushoto angali mutoto." Marehemu alikuwa akijibu, "Na ule mutoto njo anakulisha." Kisha wote wawili wanacheka, kana kwamba hawajawahi kuyasema hayo.

Vita vya Oktoba 1996 vilimtoa nyumbani na jamaa yake. Walivuka ziwa mpaka Kigoma, na Mei 1998 wakaingia Uganda kwa njia ya Kikagate, wakapewa kiwanja hapa Juru, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Fuawe lake la kwanza la kugongea chuma lilikuwa kipande cha ekseli ya lori alichokiokota Rwekubo. Vyuma vyake vilikuwa springi za magari yaliyokufa. Kabla ya miaka mitano kupita, wapishi wa Kabingo na wachinjaji wa Mbarara walikuwa wakiuliza kisu chenye alama yake, mstari mmoja na nukta mbili, na wasipokipata wanaondoka bila kununua. Alifundisha watu kumi na tisa. Mmoja wao, Jonan wa Kabingo, ni Mganda, na alipoulizwa kwa nini anamfundisha mwenyeji atakayemnyang'anya wateja, marehemu alijibu, "Nyama iko mingi kuliko bisu."

Ni yeye aliyewakusanya wafua visu wa Juru, Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, wakakubaliana kanuni moja. Alama hugongwa chuma kingali laini, kabla ya kuzimwa katika oili, maana kikishakuwa kigumu hakipokei kitu. Kwa hiyo kisu hupewa jina la mtu kabla hakijajulikana tabia yake. Wakasema: mwenye alama ndiye mwenye kujibu. Kisu chake kikimjeruhi mtu kwa ubovu wa kazi, hatagonga alama tena maisha yake yote. Marehemu ndiye aliyeitunga kanuni hiyo, na mikono yote iliinuka kuikubali.

Moshi wa makaa uliingia kifuani mwake taratibu. Desemba 2010 alilazwa hospitali mjini Mbarara wiki tatu. Shahada ya historia haikuwa na kazi huku, na Elisée alikuwa amekwisha kuwa mwanafunzi wa kaka yake karakanani. Kwa hiyo ndiye aliyeachiwa alama, na pamoja nayo visu arobaini vilivyoagizwa na familia za askari wa kambi ya Mbarara kwa ajili ya sikukuu. Marehemu, akiwa kitandani, alimkumbusha jambo moja: "Usisahau kukibembeleza."

Kukibembeleza kisu ni neno lake mwenyewe. Kisu kikitoka katika oili ni kigumu lakini ni chepesi kuvunjika kama sahani. Inabidi kisuguliwe, kirudishwe juu ya makaa polepole mpaka kipate rangi ya asali, ndipo kinakuwa na subira. Ni kazi ya kuchosha macho. Tarehe 22 Desemba mvua ilinyesha tangu asubuhi, makaa yalilowa, gari la Mbarara lilikuwa likipiga honi barabarani. Visu ishirini na sita vilikuwa vimebembelezwa. Kumi na vinne vilikuwa bado. Mtu mmoja wa karakana hiyo alivifuta, akavifunga pamoja na vingine, akavipeleka. Kisu kisichobembelezwa hukata vizuri kuliko vyote siku za kwanza. Wateja walisifu.

Mtu huyo ni Elisée. Katika nakala ya kwanza ya wasifu huu paliandikwa "mtu mmoja" tu, bila jina. Yvette, binti wa marehemu, ndiye aliyekuwa akiupiga chapa, akasimamisha vidole.

"Baba mudogo, huyu mutu mumoja ni nani?"

Elisée aliinama, akapanga karatasi.

"Utasoma hii mbele ya batu bote?"

"Nitasoma."

"Basi weka jina. Papa alibeba yako. Beba na weye."

Januari 2011, Enid, mke wa askari anayeitwa Naboth, alikuwa akikata mbuzi jikoni kwake Mbarara. Kisu kiligonga mfupa, kikavunjika vipande vitatu. Kimoja kilimtoa jicho la kushoto. Baada ya siku tatu Naboth alifika Juru kwa pikipiki, mkononi ana kipande chenye mstari na nukta mbili.

"Nani alitengeneza hii kisu? Imevunjika kama chupa! Bibi yangu sasa iko na jicho moja!"

Marehemu alikuwa ametoka hospitali juzi yake. Alikichukua kipande, akakigeuza juani, akaona chembe zake nyeupe kama sukari. Mfua visu hahitaji zaidi ya hapo. Alijua kwamba hakikubembelezwa, na alijua siku hizo yeye alikuwa wapi na aliyekuwa karakanani ni nani. Elisée alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, ameshika mivukuto ya kupulizia moto.

"Alama ni yangu, afande," alisema marehemu.

Elisée aliendelea kuvuta mivukuto.

Tarehe 6 Februari 2011 kikao cha wafua visu kilikaa, kikamhukumu Appolinaire Semahoro kwa kanuni yake. Mwenyekiti aliuliza nani anakubali. Mikono ishirini na mmoja iliinuka, na mmoja wao ulikuwa wa mdogo wake, kwa sababu aliogopa kwamba mkono ulioshushwa ungeulizwa sababu. Tangu siku hiyo mpaka kifo chake, marehemu hakufua kisu. Alinoa vya wengine. Sokoni Rwekubo watu waliokuwa wakimwita mwalimu walimwita mtoa macho. Mara moja tu, wakiwa wawili shambani, alimuuliza Elisée:

"Ile siku ulichoka?"

"Nilichoka, yaya," alijibu; ndivyo alivyomwita kaka yake tangu utotoni.

"Basi."

Na wakaendelea kupalilia mahindi.

Kifua kilimrudia mwaka 2013. Alilazwa tena Mbarara mwezi Julai mwaka huu, na Jumapili tarehe 9 Agosti 2015, saa tatu asubuhi, alifariki, Mama Marie akiwa ameshika mkono wake wa kushoto. Alikuwa na umri wa miaka sitini na moja.

Jumanne, siku mbili baada ya kifo hicho, Elisée alikwenda kwa Enid, akamwambia yote. Enid alisikiliza amesimama mlangoni.

"Huyo mzee alikuwa anakuja hapa kila mwezi. Analeta mahindi, anaomba musamaha. Mimi namufungia mulango." Aliushika mlango huo. "Miaka ine, wewe ulikuwa wapi? Umenifanya nifungie mulango mutu muzuri."

Enid yupo hapa leo. Hakuja kwa ajili ya Elisée.

Kati ya visu kumi na vinne, vitatu vimekwisha kuvunjika. Kumi na kimoja vilivyobaki havitambuliki kwa macho, kwa hiyo mwenye kisu cha sikukuu ile asikitumie hata kumenyea ndizi. Na wafua visu wa Juru, kabla hawajarudi makwao, wanaombwa kufungua daftari la kikao, wafute jina lililoandikwa tarehe 6 Februari, waandike pale Elisée Semahoro. Safari hii mkono wake utainuka wa kwanza.

Marehemu ameacha mjane, Marie Nyirabizimana, mabinti wawili, Yvette na Vanessa, wajukuu watano, wanafunzi kumi na tisa, na mdogo mmoja.

Mungu ampe Appolinaire amani ambayo mdogo wake alimnyima.