Wimbo Wangu wa Beti Tisa

Bwana asifiwe! Asifiwe tena, maana leo nasimama mbele yenu nikicheka, na mnanijua, mimi si mtu wa kucheka.

Ndugu zangu, ni mimi Wekesa, fundi wa mawe wa hapa Kiplombe. Nilikuwa mtu wa kiburi. Nilitunga wimbo wa beti tisa nikaupeleka kwa Mwalimu Jepkosgei, anayefundisha kwaya yetu. Akausikiliza wote. Akasema, "Wekesa, ni mzuri, lakini kwaya itaishiwa na pumzi. Punguza, kisha urudi."

Nikawaka! Nikamwambia, "Huu wimbo nilipewa na Roho. Wewe ni nani umrekebishe Roho?" Nikabeba daftari langu nikatoka. Mwaka mzima sikukanyaga kanisani. Jumapili nilikuwa naenda Kaptagat kujenga, na hata kupiga mluzi kazini niliacha. Moyo ulikauka, wapendwa!

Kisha mke wangu Nasimiyu akafanyiwa upasuaji. Siku ya tatu, bado hana nguvu, akaniambia, "Baba Faith, niimbie ule wimbo wako." Nikaimba kando ya kitanda, machozi yananitoka. Kufika ubeti wa nne, nikasikia anakoroma!

Mama mmoja mzee, kitanda cha pili, akacheka mpaka akashika mshono wake. "Kijana, hapo kwa koras, kile kiitikio, umenigusa. Lakini hayo mengine yote ni ya nini?"

Nami nikacheka. Ndugu zangu, kile kicheko ndicho kilinifungua! Kiburi kiliniachia pale pale wodini.

Nikaenda kwa Mwalimu kuomba msamaha. Hakunisimanga. "Karibu," akasema, "leta daftari." Nikakata beti, akanirudishia. Nikaandika upya, akanirudishia. Mara ya tano nilitaka kuacha. Nasimiyu, ameshatoka hospitali, akaniuliza, "Mbona huandiki vile uliogopa nikiwa mgonjwa?"

Nikaandika hivyo. Beti tatu tu. Mwalimu akasoma, akachukua kalamu akaanza kugawa sauti: soprano, alto, teno, besi. Haleluya!

Jumapili iliyopita mliuimba wenyewe.

Namshukuru Mungu kwa uzima wa mke wangu na kwa mwalimu aliyenivumilia. Na wewe uliyefungia kazi yako kwa hasira, mwamini Bwana, itoe, mpe mtu aisome. Akikwambia rudia, rudia. Mimi nimerudia mara sita, na niko hapa, nimepona!