Adelard Sebahire, Aliyedai Siku Zisizo na Moto Nazo Zilipwe

Mzee wetu Adelard Sebahire alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 katika kata ya Isingiro, ambayo leo iko Wilaya ya Kyerwa na wakati huo ilikuwa Karagwe. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Twizeyimana na marehemu Mama Nyirabageni, wakulima waliotoka Rwanda na kuanza maisha upya kwa jembe moja na machipukizi ya migomba waliyopewa na jirani.

Alisoma Shule ya Msingi Kagongo na kumaliza darasa la saba mwaka 1981. Kuendelea hakuendelea, lakini hesabu alizijua, na kubishana alikujua zaidi. Mwalimu wake mmoja aliandika kwenye ripoti: "Ana akili, ila hakubali jibu la kwanza." Sisi tulioishi naye tunathibitisha.

Mwaka 1989 alianza kibarua cha kuzima moto katika Shamba la Miti Kashanda, lililo mlimani upande wa Nyakatuntu. Vifaa vyake vilikuwa fyekeo, matawi mabichi na kandambili. Malipo yalikuwa na utaratibu mmoja tu: moto ukiwaka unaitwa, unaandikwa jina, unalipwa; usipowaka, kaa nyumbani na njaa yako.

Tarehe 7 Agosti 1993 alifunga ndoa na mama yetu, Nikuze, katika kigango cha Kibingo. Mama husimulia kwamba alipomwona mara ya kwanza alidhani ni mchoma mkaa, kwa jinsi alivyonuka moshi. "Nikamwambia mdogo wangu, huyu hata akioga mto Kagera mzima hatakati." Hata hivyo alimkubali, na Mungu akawajalia watoto wanne.

Sasa linakuja jambo ambalo mwenyewe aliagiza lisomwe bila kufichwa. Julai 2012 binti yake mkubwa, Salvina, alichaguliwa kuingia kidato cha tano shule ya bweni, na alitakiwa aende na godoro na tranka. Zilikuwa zimepita wiki sita bila moshi mlimani, yaani wiki sita bila malipo. Baba alipiga magoti nyuma ya jiko, akamwomba Mungu moto uwake. Siku ya tatu ukawaka. Walipambana nao siku mbili, upepo ukageuka, na mwenzake Privatus, naye akiwa na kandambili, akaungua miguu yote miwili. Walimbeba kwa machela hadi zahanati. Kwa kuwa alikuwa kibarua, hakuwa na bima wala fidia. Alirudi kwake akitembea kwa magongo, na kazi ikaishia hapo. Tranka lilinunuliwa kwa malipo ya moto ule. Salvina ndiye anayewasomea wasifu huu, na mpaka leo hajui alie au ashukuru.

Baba alikaa na jambo hilo moyoni miaka saba. Septemba 2019 vibarua wote, wa zamani na wa sasa, waliitwa na uongozi wa shamba kwenye mkutano, kwa sababu yalikuwepo maneno kwamba wanawasha moto wenyewe ili walipwe. Vijana walipandwa na hasira, wengine wakataka kuondoka. Baba akasimama, akasimulia sala yake yote mbele za watu.

Afisa aliyeongoza mkutano, Mama Evangelina Kokushubira, alimtazama. "Shikamoo mzee. Unatuambia uliwasha?"

"Marahaba, mama. Sikuwasha. Niliomba. Lakini mtu ambaye watoto wake wanakula moto ukiwaka, mtamkatazaje kuuombea? Tulipeni na siku ambazo hauwaki. Tufyeke njia za moto, tulinde mlima. Halafu mje mhesabu miti yenu."

Hapo Privatus akajiinua na magongo yake. Watu walidhani anakwenda kumpiga. Akasema, "Adelard, hata mimi niliomba siku ile." Kisha mikono ikaanza kunyanyuka, mmoja mmoja, mpaka nyuma kabisa. Mama Evangelina aliikunja karatasi ya tuhuma, akaomba karatasi nyingine.

Kutoka pale ilikuwa barua, vikao na safari za Bukoba kwa miaka karibu minne. Mvumilivu hula mbivu, ila baba alivumilia huku anagonga milango. Tarehe 1 Julai 2023 kikosi kizima kilisaini mikataba: mshahara wa kila mwezi, bima ya afya, hifadhi ya jamii, fidia ya kuumia kazini, na buti. Privatus aliajiriwa kituoni kupokea taarifa za redio.

Kikohozi kilikuwa kimemwanza mwaka 2022. Moshi wa miaka thelathini na zaidi ulikuwa umeharibu mapafu. Alitibiwa Karagwe na Mwanza kwa kadi ya bima, ambayo alipenda kuionyesha hata kwa makondakta wasiohusika. Tarehe 31 Julai mwaka huu Privatus alifika kumjulia hali.

"Kaka, mwezi mzima hakuna moshi, na mshahara umeingia."

Baba alicheka mpaka tukamshika mgongo. "Basi," akasema, "sasa naweza kuomba mvua kama wakulima wengine."

Alifariki nyumbani kwake Isingiro siku ya Jumanne, tarehe 19 Agosti 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Tumeumia sana.

Ameacha mke, Nikuze; watoto Salvina, Placidius, Uwizeye na Adela; mdogo wake Nolasco; na wajukuu sita. Ameacha pia wenzake thelathini na mmoja wa kikosi. Kumi na tisa ndio waliobeba jeneza leo. Kumi na wawili hamwaoni hapa kibanjani, kwenye migomba yake, kwa sababu wako zamu Kashanda, kama mwenyewe alivyoagiza, na siku yao inalipwa.

Apumzike kwa amani baba yetu. Mlima una watu.