Kombe la Ligi Iliyokufa

Kungali giza nilisikia chupa za maziwa zikigongana mlangoni, na kulipopambazuka tulikuwa ndani ya basi linalotoka Shard End, mtaa wetu huku ughaibuni, kwenda mjini, mwanangu mchanga mapajani. Mbele yangu alikaa nesi wa Kikenya na binti yake wa miaka kumi na miwili, aliyekumbatia kombe la fedha.

"Umeshinda nini, mwanangu?" akauliza mzee wa Kizanzibari kutoka kiti cha pili.

"Mbio za mita mia mbili, ligi ya shule za kaunti, mwaka jana. Aliwapita wasichana wa Nuneaton," mama akamjibia. "Mshindi hukaa nalo mwaka mmoja, halafu analisugua na kulirudisha. Leo tunalirudisha ofisi ya ligi."

"Mnamrudishia nani, bibie? Kaunti ya Warwickshire wameikata tangu Aprili. Siye sasa ni kaunti mpya ya West Midlands, Nuneaton wamebaki kule, na ligi yenyewe nasikia imevunjwa. Hilo lenu."

"Si letu, mzee. Lina majina ya wasichana kumi na tisa waliomtangulia."

"Naye ndiye wa ishirini, na wa mwisho. Aliweke juu ya kabati."

"Kwetu Machakos huo tunauita wizi."

"Kwetu Unguja twauita ushindi."

Wakacheka wote wawili, na hakuna aliyelegeza msimamo. Mimi nilikuwa upande wa mzee, ingawa sikuulizwa.

Basi liliposimama mjini, mama bado alikuwa akisema kwamba ofisi haiwezi kukosa hata mtu mmoja wa kulipokea. Binti akainuka, akampa mama yake kombe alishike.

"Mimi nataka kukimbia tena na wale wasichana wa Nuneaton," akasema.