Nyundo na Picha Iliyogeuzwa Ukutani

Ndugu waombolezaji, kaka yetu mkubwa, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Nyundo, alizaliwa tarehe 4 Machi 1958, kifungua mimba wa fundi seremala, na mama alituambia alitoka tumboni amekunja ngumi, jambo lililomchekesha mkunga, ila sisi wadogo zake tulioonja ngumi hizo hatukucheka hata kidogo.

Alianza shule mwaka 1966, akafukuzwa sekondari mwaka 1975 kwa kumvunja pua kiranja aliyemchania mchoro wake, ndipo baba akampeleka studio ya picha, akafagia, akasafisha filamu, hadi 1980 alipopata kamera yake. Alipiga picha za mabondia waking'olewa meno na mafahali wakichinjwa, maana maua, alisema, yanamtia usingizi.

Tarehe 18 Juni 1983 alimuoa shemeji yetu, mwenye bucha, ambaye alipopigwa picha bila ruhusa alimtupia kisu kikakita mlangoni karibu na sikio lake, na kesho yake kaka akarudi kuomba uchumba, wakajaliwa watoto wawili, wapole ajabu.

Kila mwaka alipeleka picha kwenye maonyesho, ambako majaji huchagua bila kuona majina, na kila mwaka alikataliwa. Hakuwa mtu wa kumezea mambo. Mwaka 1991 alimvika jaji fremu shingoni, kioo na vyote, wakashonwa wote wawili hospitali moja, na mwaka 2004 aliivunja meza ya majaji kwa mateke, akafungiwa kushiriki miaka kumi, na ilipokwisha akarudi. Shemeji alimsihi aache, naye akasema hazikwi mtu hapa kabla picha yake haijatundikwa, hata moja.

Mwaka 2016 alipata presha, daktari akamkataza hasira, lakini wapi. Tarehe 9 Novemba 2019, siku ya majibu, aliifuata ukumbini picha ya shemeji akipasua kichwa cha ng'ombe kwa shoka, akaikuta sakafuni imegeuzwa uso ukutani, akajua wameitupa tena. Akaipiga kwa nyundo ya kutundikia iliyokuwa hapo, fremu ikawa kuni, akaikanyaga, akaitia ngumi, kioo kikamkata mshipa wa mkono. Kumbe zilizogeuzwa ukutani ndizo zilizochaguliwa, zikisubiri kufungwa waya wa kutundikia kwa nyuma, jambo ambalo yeye, asiyewahi kuchaguliwa, angelijuaje? Msimamizi wa ukumbi alimweleza hayo huku amembana mkono kwa taulo, damu inamwagika, naye kaka akamwomba aifunge waya hivyo hivyo ilivyo, kisha akafariki kabla gari halijafika hospitali.

Tunamshukuru daktari wake, msimamizi aliyerudi nyumbani na shati jekundu, majirani, wenzake wa studio, na majaji pia, ambao naona wamekaa karibu na mlango, sogeeni mbele, hakuna wa kuwagusa leo. Picha ilitundikwa jana, imechanika, na shemeji amekataa damu ifutwe.

Kaka, wamekuchagua. Lala sasa, upumzike kwa amani.