Faili la Ukoo na Watoto wa Mabinti

Wekeni simu chini, wanangu, mnisikilize, kwa kuwa pumzi niliyobaki nayo si ya kurudia maneno. Geoffrey, kaa upande huu. Levis, wewe uliyevuka kutoka Busia ya Kenya, kaa pale, na msitazamane kama majogoo. Mimi Jovia, dada wa baba zenu, Senge wenu, nimeuandika ukoo huu kwa mkono miaka arobaini na mmoja, daftari kumi na nne, na mnangoja niseme nani atazirithi, ili mfumo wake wa kuandika watu ndio utumike kwenye tovuti ya ukoo. Nitasema. Kwanza mtasikia yasiyowapendeza.

Levis, ulitaka faili liwe jepesi: jina, baba, namba ya simu, basi. Nikakuuliza, mama yuko wapi? Ukanijibu, "Senge, watu watachoka. Kitu rahisi ndicho kinasafiri, mtu anaandika hata akiwa juu ya boda." Nikakuambia wachoke, lakini wawe wameandikwa. Ukacheka, na wazee wakacheka nawe, maana njia ya mkato humfurahisha hata asiye na safari. Kisha Eriku wa Iyolwa akaja hapa Buhehe kumposa Resty wetu. Mlitafuta kwenye faili, hamkuona undugu, mkamkaribisha. Ng'ombe walikwisha fungwa uani nilipomuuliza kijana mama yake ni nani, naye akasema aliitwa Loy, alifariki yeye akiwa bado ananyonya. Loy ni binti wa nyumba hii. Kijana alikuwa anaoa kwa wajomba zake, jambo ambalo sisi hatulifanyi, na faili lenu halikumwona kwa kuwa watoto wa mabinti mliwahesabu mzigo. Posa ikavunjika, na Resty hajanisalimia tangu siku hiyo. Mwanangu, najua unanisikia hapo mlangoni. Siombi msamaha. Ningeuliza tena leo.

Wewe Geoffrey, usitabasamu. Faili lako lilikuwa kali: pengo moja tu, kompyuta inalirudisha lote. Nilikuunga mkono mbele ya wazee, nikadhani nimepata mtu. Halafu nikasoma ulichokitoa, nikakuta wazee arobaini na watatu wa ukoo wetu wote wamezaliwa Januari mosi. "Kompyuta ilidai tarehe, Senge." Nawe ukaipa uongo ili inyamaze. Mlango ukibana mno, mgeni hupita dirishani. Heri pengo la Levis, maana atakayelikuta atajua ni pengo; uongo ulionyooka wajukuu wataurithi kama ukweli.

Basi daftari hazirithiwi na mtu mmoja. Saba zivuke mpaka, saba zibaki huku, na lisitolewe faili lolote mpaka kila mmoja amesoma la mwenzake bila kumpoteza mtu hata mmoja njiani. Mama aandikwe, ni lazima. Watoto wa mabinti, lazima. Tarehe isiyojulikana, iandikwe kwamba haijulikani. Wazee wakilalamika kwamba ni kazi kubwa, waambieni Jovia alikubali, ni kazi kubwa, na wakae waifanye.

Nipeni maji... Inatosha.

Bado mmoja, hayumo katika daftari yoyote. Geoffrey, andika. Mtoto wa kike, wa Jovia, alizaliwa mwaka nilioacha shule... hakufikia siku ya kupewa jina. Baba yake... acheni kunitazama hivyo. Baba anajulikana, hakutajwa. Andika hivyo hivyo. Usiache nafasi tupu, wala usiseme hajulikani, mimi namjua. Na kama mfumo wenu hauna mahali pa maneno hayo, uvunjeni muujenge upya, lakini mtoto wangu msimkate ili aenee.

Mungu awabariki huku na ng'ambo... awape uvumilivu wa kuulizana. Mzae, na wote mnaowazaa... wawe na mahali.

Geoffrey, umemaliza? Mpe Levis. Levis, soma alichoandika... polepole. Nataka kusikia.