Bibi Joto Avua Glavu

Ijumaa hii, siku ya mwisho ya mwezi, mkunga wetu aliyetutumikia miaka thelathini na moja anastaafu. Kisheria alikuwa bado na miaka minne mbele yake. Wale wa foleni ya chai wanaosema amepata hospitali ya watu binafsi yenye mshahara mnono, tafadhali wameze maneno yao na chai hiyohiyo, kisha wasome habari yenyewe hapa.

Jina lake liko kwenye beji, lakini nani analitumia? Alipoanza kazi aliitwa Dada Joto. Miaka ikaenda, akawa Mama Joto. Siku hizi watoto aliowapokea kwa mikono yake wanakuja na mimba zao wenyewe, na hao humwita Bibi Joto. Yote hayo yametokana na tabia yake moja. Kabla ya kumpima mjamzito hunawa, halafu hukunja mikono kifuani, viganja kavificha kwapani juu ya sare, akasimama hivyo akimuuliza mama habari za nyumbani. Usiyemjua ungedhani mtu kagoma kazi. Kumbe anapasha mikono. Mkono wa baridi hulikaza tumbo, husema, na tumbo lililokaza halikuambii kitu. Matroni mmoja wa zamani aliwahi kumgombeza kwa kukunja mikono saa za kazi. Mwaka uliofuata matroni huyo alikuja kujifungua, na akakataa kuguswa na mtu yeyote isipokuwa mkunja mikono huyohuyo.

Njia nyingine zilikuwepo, tena za kumwaga. Shoga yake wa chuoni alikwenda kufanya kazi ng'ambo, na yeye mwenyewe alikwishafaulu mtihani wa leseni ya huko. Akabaki. Chuo cha ukunga kilimuomba akafundishe. Alivumilia muhula mmoja, akarudi akilalamika kwamba matumbo ya plastiki hayana habari za nyumbani. Akapewa usimamizi wa wodi. Alikubali kwa sharti kwamba kiti chake kikae leba, chumba cha kujifungulia, na tangu hapo kiti hicho hakijakaliwa na kitu isipokuwa makoti yetu. Sisi wadogo zake tulipomwendea na maswali yetu, nisomee nini, nihamie wapi, alitujibu lilelile: tafuta kazi ambayo ukinyang'anywa utalia, ishikilie hiyo.

Na ole wako leseni yako ikaribie kuisha! Angekuandama mpaka mlango wa choo. Alikuwa na usemi wake kwamba leseni ni ahadi kwa mama aliyelala kitandani. Yule mama hajui ulisoma wapi wala ulipata alama ngapi. Anakuamini tu kwamba unachomwambia unakijua. Tulikuwa tukimcheka, tukimwita askari wa baraza la wauguzi.

Mwanzoni mwa mwaka huu alikuja mwalimu mmoja wa chekechea, mimba yake ya kwanza. Bibi Joto akapasha mikono, akampapasa, akasema mtoto ametanguliza kichwa. Uchungu ulipokolea, mwandishi wa makala haya ndiye aliyempima mama huyo, akakuta matako. Jamani, tulishtuka. Wodi nzima tumefundishwa na mwanamke huyu kutofautisha kichwa na matako kwa ncha za vidole, macho yamefumbwa! Akaitwa. Akapapasa tena kwa mkono wa kulia, akabonyeza, akatulia, akabonyeza. Halafu akajaribu kwa wa kushoto, na hapohapo uso ukamsawajika.

Mwalimu alikimbizwa upasuaji, na mtoto akatoka salama, analia kwa hasira zote. Sisi tukamkusanyia Bibi Joto visingizio vya kila aina. Tulimwambia labda mtoto aligeuka dakika za mwisho, mbona hutokea. Kweli hutokea, na angekubali hilo mambo yangeishia hapo. Akakataa katakata. Alisema vidole vya mkono wa kulia vilianza kufa ganzi tangu mvua zilizopita, naye akawa anajidanganya kuwa ni uchovu wa zamu. Alikwenda mwenyewe kumuomba radhi mwalimu. Mwalimu alimpakatisha mtoto.

Daktari wetu alimpima akamwambia ukweli: mishipa ya fahamu ya mkono ule imechoka, na hisia zile hazitarudi. Joto na baridi bado anavisikia vizuri, lakini kichwa cha mtoto chini ya ngozi ya mama, basi tena.

Tulimbembeleza. Ahuishe leseni akae kliniki ya chanjo. Ahuishe arudi chuoni. Muuguzi mkuu alimtafutia hata meza ofisini, karibu na dirisha. Alitusikiliza wote kwa adabu, kisha akasema hawezi kutembea na leseni ya mkunga huku mkono wake mmoja haujui tena unachogusa, maana tumbo hupimwa kwa miwili, na kwamba kumweka karibu na leba bila kushika kitu ni kumfunga mwenye njaa jikoni. Leseni yake inaisha Ijumaa. Hataihuisha.

Tumelia, tusifichane. Mwandishi aliingia stoo ya mashuka ili alie kwa nafasi, akamkuta muuguzi mkuu kamtangulia. Wiki hii yote Bibi Joto amekuwa akipita kitanda hadi kitanda. Ananawa. Anakunja mikono, viganja kwapani, anauliza habari za nyumbani. Kisha anajisogeza pembeni, atupishe tupime sisi. Mikono ameshaipasha, ya moto kabisa, na haina pa kwenda. Hilo ndilo lililotumaliza.

Bibi Joto, asante kwa kila mtoto uliyempokea na kila mmoja wetu uliyemfunza. Asante pia kwa siku ile ulipokataa visingizio vyetu. Ulituumiza, lakini tangu hapo hakuna mkunga wodini humu anayesema kitu asichokuwa na hakika nacho.

Kwa wafanyakazi wote: Ijumaa saa ya chai tutapanga foleni pale leba kumpa mkono wa kwaheri. Kuna utaratibu mmoja, na hauna mkubwa wala mdogo, daktari naye ahusike. Nawa kwanza. Kunja mikono, viganja kwapani, usubiri mpaka vipate moto. Ukifika mbele yake mpe mkono wa kulia, ushike ule wake wa kulia, na usiuachie haraka. Joto bado analisikia.

Pumzika kwa afya na amani, Bibi Joto. Tutakuja kukuuliza habari za nyumbani.